Mrija 'unaooza': Upime kwa siki, soda na mboji kabla ya kununua boksi zima

KWA muuza juisi ya miwa, maembe au madafu, mrija ni kitu kidogo ambacho mteja hukitupa kabla hajafika kituo cha daladala. Lakini ukipigwa hesabu ya mwezi, mrija ni gharama. Na kwa mkulima anayechukua taka za sokoni kutengenezea mboji, mrija ni kero inayorudi shambani kila msimu.

Katika miaka ya karibuni imeingia madukani mirija ya aina nyingi inayonadiwa kuwa inaoza. Ipo ya karatasi, ipo inayoitwa ya mahindi, na ipo inayofanana kabisa na plastiki ya siku zote isipokuwa bei yake iko juu. Mfanyabiashara anayelipa nyongeza hiyo anatakiwa ajue mambo mawili. Kwanza, je, mrija huo utavumilia kinywaji anachouza? Pili, ukishatupwa, utaoza kweli?

Wengi hutafuta majibu ya maswali yote mawili kwa jaribio moja tu. Huutumbukiza mrija ndani ya maji, soda au siki, kisha husubiri. Ukilainika husema unaoza, usipolainika husema ni plastiki. Jaribio hilo ni rahisi na halina gharama, lakini likisomwa hivyo linapotosha. Kulainika ni jambo moja na kuoza ni jambo jingine, na anayeyachanganya anaweza kulipia kitu ambacho hakukinunua.

Sheria zinazidi kubana

Suala hili si la usafi wa mazingira peke yake, bali linagusa soko. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006. Kenya ilifanya hivyo Agosti 28, 2017, na Tanzania Bara ikafuata Juni 1, 2019 kwa mifuko ya kubebea bidhaa.

Baada ya mifuko, zamu ya mirija ilianza kufika. Rwanda ilitunga sheria mwaka 2019 inayokataza vifaa vya plastiki vinavyotumika mara moja na kutupwa. Kenya ilikataza vifaa hivyo, ikiwamo mirija, vikombe na chupa, katika hifadhi za wanyama, fukwe na misitu inayolindwa kuanzia Juni 5, 2020. Umoja wa Ulaya uliondoa mirija ya plastiki sokoni kuanzia Julai 3, 2021.

Mwenye kibanda cha juisi karibu na ufukwe au lango la hifadhi anaelewa maana yake. Hoteli na waongoza watalii huuliza mrija ni wa nini kabla ya kuuliza bei ya juisi. Hapo ndipo neno "unaooza" linapopata thamani, na hapo ndipo linapoweza kutumiwa vibaya.

Aina tatu zinazouzwa zaidi

Mrija wa plastiki uliozoeleka hutengenezwa kwa polipropilini, plastiki inayotokana na mafuta ya petroli. Haina hamu ya maji wala haisumbuliwi na limau, siki, chumvi, mafuta ya kupikia au sabuni. Ukiachwa juani kwa muda mrefu hukauka, hukakamaa na kuvunjika vipande vidogo. Huko si kuoza. Vipande hivyo ni plastiki ileile, ila sasa haviokoteki.

Mrija wa karatasi hutengenezwa kwa vipande virefu vya karatasi vilivyoviringwa na kubandikwa kwa gundi. Si jambo jipya. Mmarekani Marvin Stone alipewa hati ya ubunifu wa mrija wa karatasi Januari 3, 1888, baada ya kuchoshwa na mirija ya mabua ya shayiri nyeusi iliyokuwa ikilainika na kutia ladha ya majani kwenye kinywaji. Aliipaka karatasi yake nta ili isilowe. Tangu wakati huo, kila mtengenezaji wa mirija ya karatasi anahangaika na swali lilelile la kuzuia maji yasiingie haraka.

Aina ya tatu ni plastiki ya mimea, ambayo kwa jina la kitaalamu huitwa asidi ya polilaktiki na kwa kifupi PLA. Hutokana na sukari au wanga wa mimea kama mahindi na miwa. Sukari hiyo huchachushwa ikawa asidi ya maziwa, kisha asidi hiyo huunganishwa kuwa minyororo mirefu ya plastiki. Asili yake ni shambani, lakini kutoka shambani hakumaanishi kwamba itarudi shambani kwa urahisi.

Kinachotokea ndani ya glasi

Karatasi ni nyuzinyuzi za mimea zilizoshikana wakati zikikauka. Maji yakipenya katikati yake, mshiko huo hulegea. Ndiyo maana mrija wa karatasi hulainika ndani ya kinywaji chochote chenye maji, iwe ni soda, maziwa, juisi ya ukwaju au maji matupu.

Wengi hudhani ukali wa limau au soda ndio unaoula mrija. Kwa muda wa kunywa glasi moja, kazi kubwa hufanywa na maji yenyewe. Joto huharakisha, hivyo chai ya moto huulegeza mrija wa karatasi mapema kuliko juisi ya baridi. Maji ya sabuni nayo hupenya haraka kwa sababu sabuni huyasaidia maji kuingia mahali yasipopita kirahisi. Mafuta ya kupikia hufanya kinyume. Huiacha karatasi na doa la kung'aa, lakini nyuzi zake hubaki zimeshikana.

Plastiki ya mimea ina tabia nyingine. Ndani ya juisi, soda au siki ya kawaida hukaa siku nyingi bila kuonyesha badiliko. Ndani ya chai inayotoa mvuke hulegea na kujikunja, kwa sababu plastiki hiyo huanza kulainika kwenye nyuzijoto za Selsiasi kati ya 55 na 60. Anayeiona hapo hudhani imeanza kuoza. Ikitolewa na kupoa, hukakamaa tena ikiwa imepinda. Imebadilika umbo tu.

Polipropilini nayo hukaa humohumo ndani ya glasi bila kulainika. Kwa hiyo jaribio la glasi peke yake haliwezi kutofautisha plastiki ya mimea na plastiki ya petroli. Zote mbili zitakaa wiki nzima ndani ya siki zikiwa salama.

Siki haiozeshi, huhifadhi

Kuna dhana kwamba kimiminika kikali kikimwagwa kwenye taka huharakisha kuoza. Mama wa nyumbani anajua ukweli wa jambo hili, ila pengine hajalihusisha na mirija. Siki ndiyo inayofanya achari ya maembe ikae miezi bila kuharibika, na chumvi ndiyo inayomfanya ng'onda asafirishwe kutoka pwani hadi bara.

Kuoza ni kazi ya vijidudu na kuvu. Hivyo ndivyo vinavyoila karatasi na kuirudisha kwenye udongo. Siki kali na chumvi nyingi huvizuia, na jiki huviua. Anayemwaga jiki kwenye shimo la taka ili kuondoa harufu anawafukuza wafanyakazi wake mwenyewe. Mafuta ya kupikia yaliyotumika nayo huziba hewa na kuzuia maji, hivyo rundo hushindwa kupumua.

Ni kweli kwamba vitu vyenye ukali wa aina ya magadi, kama maji mazito ya majivu, huweza kukata minyororo ya plastiki ya mimea taratibu. Hata hivyo, hiyo si njia ya mkulima. Maji hayo yakiwa mengi huharibu udongo kuliko mrija wenyewe ungeuharibu.

Vimiminika vinavyosaidia ni vile vinavyovilisha vijidudu na kuleta unyevu. Maji ya kuoshea mchele, uji uliobaki, maziwa yaliyoganda na mabaki ya juisi yote yanafaa kwa kiasi. Hayaozeshi mrija yenyewe, bali yanaandaa mahali ambapo mrija wa karatasi utaoza.

Joto la rundo ndilo linaloamua

Kipimo cha Ulaya kinachojulikana kama EN 13432 huangalia iwapo bidhaa inaoza katika mitambo mikubwa ya mboji. Hutaka walau asilimia 90 ya bidhaa iwe imeliwa na vijidudu ndani ya miezi sita, na baada ya wiki 12 vipande vinavyobaki juu ya chekeche la milimita mbili visizidi asilimia 10. Mitambo hiyo huendeshwa kwa joto la nyuzi 58 hivi.

Hapo ndipo mteja anapotakiwa kusoma maandishi madogo. Mrija wa PLA unaweza kuwa na cheti halali kabisa, lakini cheti hicho kinazungumzia mtambo wenye joto hilo. Mtaro wa mjini, ufukwe na udongo wa bustani hauna joto la namna hiyo.

Ushahidi wa baharini upo. Watafiti wa taasisi ya Scripps ya Marekani walitangaza mwaka 2023 kuwa nyuzi za PLA zilizokaa baharini siku 428 hazikuonyesha dalili za kuoza. Mwaka 2024 watafiti wa taasisi ya Woods Hole, pia ya Marekani, waliweka mirija ya aina mbalimbali katika maji ya bahari yanayotiririka kwa wiki 16. Mirija ya karatasi na ya aina nyingine mbili za plastiki zinazotokana na viumbe hai ilipungua hadi kufikia nusu. Mirija ya polipropilini na ya PLA haikuonyesha kupungua kunakopimika.

Mkulima mwenye rundo kubwa la mboji lililotengenezwa vizuri ana nafasi nzuri kuliko mtaro. Katikati ya rundo lenye kimo na upana wa mita moja au zaidi, lenye samadi mbichi na majani mabichi, joto huweza kufika nyuzi 55 hadi 65. Likigeuzwa na kuwekwa unyevu kwa wiki kadhaa, hata mrija wa mahindi huweza kukatika. Rundo dogo la nyuma ya jiko halifiki huko, na mrija huo utatoka kama ulivyoingia.

Jaribio la hatua mbili

Mfanyabiashara anaweza kupima mwenyewe kabla ya kununua boksi zima. Aombe mirija 20 ya mfano kutoka kwa muuzaji, kisha afuate hatua hizi.

Kwanza, akate kipande kifupi cha mrija, akipasue na kukikandamiza ndani ya maji ili hewa yote itoke. Polipropilini ni nyepesi kuliko maji, hivyo huelea. PLA ni nzito, huzama. Kipande kikielea baada ya kuondolewa hewa, wakati muuzaji anadai ni cha mahindi, hapo pana shaka kubwa. Kikizama bado si uthibitisho, maana plastiki ya kawaida ikichanganywa na unga wa chokaa nayo huzama.

Pili, apange glasi sita zenye ujazo sawa. Aweke maji matupu, soda, maji ya limau, siki, maziwa na kinywaji anachouza yeye mwenyewe. Glasi ya maji matupu ndiyo kipimo cha kulinganishia. Bila hiyo hawezi kujua kama kilicholainisha ni ukali au ni maji. Atumbukize mrija mmoja kila glasi kwa wakati mmoja na kwa kina sawa.

Atazame baada ya dakika 10, 30, saa moja na siku inayofuata. Kila mara abane mrija kwa vidole na kuangalia kama unarudi umbo, kama gundi imeachia na kama rangi imetoka kwenye kinywaji. Rangi ikitoka, mrija huo haufai hata kama unaoza vizuri. Mrija wa karatasi unaokaa imara kwa muda ambao mteja wake hunywa glasi moja unatosha. Juisi nzito ya parachichi huhitaji mrija mnene, maana mteja huvuta kwa nguvu na mrija uliolegea hujifunga.

Hatua hiyo imejibu swali la kwanza tu. Kwa swali la pili, achukue mirija mikavu mitano, aitie kwenye kipande cha mfuko wa wavu wa vitunguu na kuufunga. Wavu huo ni wa plastiki na hautaoza, kwa hiyo utamsaidia kuipata tena. Aufukie katikati ya rundo la mboji. Mfuko wa pili wenye mirija mitano aufukie kwenye udongo wa shamba wenye unyevu, kina cha kiganja kimoja. Aweke alama kwa kijiti.

Aifukue baada ya wiki nne, nane na 12. Mrija wa karatasi usio na tabaka la plastiki unatakiwa uwe umechanika, umeota ukungu au umetoweka sehemu kubwa. Ukikuta ndani yake ngozi nyembamba inayong'aa, hiyo ni plastiki iliyopakwa juu ya karatasi.

Si kila kinachooza ni salama

Kuna jambo ambalo jaribio la nyumbani haliwezi kulionyesha. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Antwerp nchini Ubelgiji walipima mirija ya chapa 39. Walikuta kemikali za kundi la PFAS, ambazo hutumika kuzuia maji na mafuta na ambazo haziozi kirahisi, katika chapa 27. Kati ya chapa 20 za karatasi, 18 zilikuwa nazo. Viwango vilikuwa vidogo, lakini utafiti huo unaonyesha kuwa karatasi kuoza hakumaanishi kila kilichopakwa juu yake kitaoza.

Kwa sababu hiyo, mrija wa karatasi unaokaa ndani ya maji siku nzima bila kulegea hata kidogo usipokewe kwa shangwe. Muuzaji aulizwe umepakwa nini. Anayeuza kwa jumla na hawezi kuonyesha maelezo ya kiwandani hastahili kulipwa bei ya juu.

Hesabu ya kibandani

Tuchukue mfano wa kibanda kinachouza glasi 100 kwa siku. Tuseme mrija wa plastiki ni Sh10 na wa karatasi ni Sh30. Bei halisi zitatofautiana kwa mji na kwa msimu. Akibadilisha tu, gharama inapanda kutoka Sh1,000 hadi Sh3,000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi, nyongeza ni Sh52,000.

Lakini akiacha kuuchomeka mrija kwenye kila glasi na kumpa anayeuomba tu, hesabu inabadilika. Wakiuomba watu 40 kati ya 100, atatumia Sh1,200 kwa siku. Nyongeza ni Sh200 tu. Mteja anayekunywa papo hapo kwenye glasi safi mara nyingi hahitaji mrija. Wapo wanaouhitaji kweli, kama wagonjwa na watu wenye ulemavu, na hao wasinyimwe.

Kwa mkulima wa mboji

Mkulima anayechukua taka za soko aanze kwa kuzichambua zikiwa bado kavu. Mirija inayoelea kwenye ndoo ya maji aitenge mapema, maana haitaoza kamwe na ng'ombe au mbuzi wakiimeza inaweza kuwaziba tumbo. Isichomwe pamoja na taka nyingine, kwa kuwa moshi wa plastiki ni hatari kwa mapafu.

Mirija ya karatasi aikate au aichane vipande, ailoweke kwenye maji ya kuoshea mchele au maji ya samadi usiku mmoja, kisha aichanganye. Karatasi ina kaboni nyingi na naitrojeni kidogo sana, hivyo ikijazwa peke yake rundo hulala. Kila ndoo moja ya karatasi isindikizwe na ndoo kadhaa za samadi, majani mabichi na maganda ya matunda. Unyevu uwe kama wa kitambaa kilichokamuliwa, na rundo ligeuzwe kila baada ya wiki mbili.

Ipo pia njia ya zamani kuliko zote. Wanywaji wa pombe ya ulezi mashariki mwa Uganda na magharibi mwa Kenya wamekuwa wakitumia mirija mirefu ya mimea kwa vizazi vingi, wakiizunguka chungu kimoja. Vietnam huuza mirija ya nyasi za kwenye maji, na mabua ya ngano hukatwa na kutumika vivyo hivyo katika nchi kadhaa. Mabua hayo hayana gundi wala nta, na yakitupwa huoza kama bua lolote.

Mkulima wa ngano au mwenye matete kando ya mto anayetaka kujaribu biashara hiyo aanze na kiasi kidogo. Mabua yachaguliwe yasiyo na dawa za shamba, yakatwe kati ya vifundo, yachemshwe na kukaushwa vizuri ili yasiote ukungu. Kisha yapitishwe kwenye jaribio lilelile la glasi sita, kuanzia maji matupu hadi kinywaji cha mteja anayekusudia kumuuzia, kabla ya kwenda kubisha hodi hotelini.